Mkuyu wa Ghorofa ya Nne

Msiniulize nchi hii iko wapi. Mimi ni karani mstaafu, nina pensheni ninayoipenda, na naishi ghorofa ya pili ya Jengo Namba 17. Nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona nimeyasoma kwenye waraka. Atakayedhani naisema nchi yake, shauri yake na nchi yake.

Basi, hapo zamani za karibu mji mkuu wetu ulikuwa na miti kando ya barabara. Ikakatwa yote. Haikukatwa kwa ubaya, nalisema hili mapema. Msafara wa Mkuu wa Nchi ulikuwa umefikia magari sitini na mawili, nayo yalihitaji nafasi. Barabara ikapanuliwa, mikwaju ikawa mkaa, msafara ukapita vizuri mara mbili kwa siku. Mwaka ule ule jua likawaka kupita kiasi, na wataalamu wakatueleza kwamba limechochewa na maadui wa maendeleo.

Sijui hali ile ingedumu mpaka lini, maana sisi wananchi tulikwishazoea kuungua. Kwa bahati nzuri, siku moja kiyoyozi cha gari la Mkuu kiligoma kwa dakika nane, akatoka jasho. Kabla jua halijazama ikaundwa Tume ya Taifa ya Kivuli. Wajumbe wake kumi na mmoja wakasafiri ng'ambo, kwenye jiji moja lenye bustani juu ya mapaa, wakakaa huko siku kumi na tisa.

Ripoti yao nimeisoma. Kurasa arobaini za kwanza ni picha za wajumbe wamesimama mbele ya miti iliyoota juu ya majumba. Ukurasa wa mwisho una sentensi moja: "Tumejiridhisha kwamba mti unaweza kuishi ghorofani." Majumba yale yalijengwaje hata yakabeba miti, udongo una kina gani, maji yanatokea wapi, hayo hayakuandikwa, kwa kuwa siku ya kuelezwa mambo hayo wajumbe walikwenda madukani. Wiki iliyofuata ukatoka Waraka: kila jengo la ghorofa tatu kwenda juu liwe na mti juu ya paa. Paa la Ikulu lilisamehewa kwa sababu za usalama.

*

Ili mwelewe yaliyofuata, lazima niwaambie desturi yetu moja. Kwetu mgeni rasmi hupanda mti. Akifungua shule atapanda mti, akifungua choo cha shule atapanda mti. Atamwagia maji kidogo, tutapiga makofi, ataondoka, na mbuzi watakuja. Iko shule moja jirani na kwetu ambayo shimo lake moja limepandwa miti kumi na minne na wageni rasmi kumi na wanne, na vibao vyote kumi na vinne bado vipo.

Kwa hiyo kazi ya miti ya mapaani ilipoanza, Idara ya Itifaki iliichukua siku ya kwanza. Bwana shamba wa manispaa, mtu mpole aitwaye Mlekwa, alikuwa ameshauri milimau na mikomamanga ndani ya mapipa yaliyokatwa nusu, udongo uchanganywe na makumbi ya nazi upungue uzito, na mapipa yapangwe juu ya kuta na nguzo, yasiwekwe katikati ya zege. Alichora hata mchoro. Mkuu wa Itifaki alimuuliza kama anataka Waziri aonekane kwenye televisheni ameinamia mlimau.

Ukatoka Mwongozo wa Hadhi ya Miti. Diwani atapanda mpera. Mkuu wa wilaya, mkorosho. Mkuu wa mkoa, msufi. Waziri atapanda mkuyu, mti wenye kimo, ukoo na mizizi. Bwana Mlekwa alisema mizizi ya mkuyu hupasua hata mwamba. Wakampongeza kwa kuufahamu mti wenyewe, wakamhamishia kituo cha utafiti wa samaki, mkoa usio na ziwa wala mto.

*

Wakuu wa mikoa na wilaya walitangulia kupanda yao, na uzinduzi wa kitaifa uliletwa kwenye jengo letu kwa sababu linaonekana vizuri kutoka barabara ya msafara. Juu kabisa, ghorofa ya nne, wanaishi Bi. Sikudhani na mumewe, Mzee Pembe. Bi. Sikudhani alikuwa fundi cherehani wa hospitali, ameshona mashuka ya wagonjwa maisha yake yote. Mzee Pembe alikuwa fundi mwashi, na jengo letu ndiye aliyesimamia kumwagwa kwa zege lake, miaka thelathini iliyopita. Kiharusi kimemlaza mwaka wa pili sasa. Miguu haina kazi, mkono mmoja unafanya kazi, akili na ulimi ni vizima kabisa. Hulala chali kutwa nzima akitazama dari. Lifti hatuna, na kumteremsha ngazi zile ni shughuli ya wanaume wanne.

Udongo ulikuja kwa malori mawili. Sisi wakazi tuliupandisha kwa ndoo, kwa moyo wa kujitolea, huku askari wakiandika majina ya wasio na moyo. Mimi peke yangu nilipandisha ndoo thelathini na mbili. Mzee Pembe, pale kitandani, alisikia kila ndoo ikimwagwa juu ya kichwa chake. Ilipofika ya mia tatu alimtuma mkewe kwa mhandisi wa shughuli, akamwambie kwamba zege lile lilimwagwa libebe watu na nguo za kuanika, halikumwagwa libebe shamba. Mhandisi aliuliza mumewe ana shahada gani.

Siku yenyewe Waziri wa Kivuli, Mheshimiwa Kashindye, alipandishwa ghorofa nne akiwa ameketi kwenye kiti, amebebwa na vijana wa chama. Alifika juu akihema kwa niaba yao, akahutubia.

"Ndugu wananchi, wapo waliosema mti hauwezi kukaa juu ya nyumba. Mimi nawauliza, ndege hakai juu ya mti? Basi kama ndege anakaa juu ya mti, mti unashindwaje kukaa juu ya nyumba?"

Tulipiga makofi kwa muda uliopangwa kwenye ratiba. Waziri akashika mkuyu kwa vidole viwili, watu sita wakaushusha shimoni, kibao kikafunuliwa. Kisha likasomwa jina la Mlezi wa Mti, naye ni Bi. Sikudhani, kwa kuwa ndiye anayelala karibu nao. Alipewa cheti na nakala ya sheria. Sheria inasema mti wa kiongozi ukinyauka, mlezi ana kesi ya kumnyausha kiongozi. Fundi saa mmoja wa Jengo Namba 9 alikuwa tayari yuko rumande kwa kosa hilo, akisubiri msufi wa mkuu wa mkoa uchipue.

*

Mvua za vuli zikanyesha, mkuyu ukakubali. Udongo ukanywa maji ukanenepa, na dari la Mzee Pembe likafanya ufa.

Mwanzoni ulikuwa unywele. Baada ya wiki mbili ukapitisha njiti ya kiberiti. Plasta ilikuwa ikimdondokea usoni, Bi. Sikudhani akataka kumfunika kwa kitambaa, mzee akakataa. Alisema akifunikwa hatauona ufa ukifunguka. Tangu hapo mama yule akawa anamfuta vumbi machoni kwa pamba yenye maji, mara kumi kwa siku, halafu anapanda juu kuumwagilia mti uleule, maana asipoumwagilia ana kesi.

Akaanza safari za maofisini. Idara ya Majengo ilimwambia kwamba ufa umeletwa na mti, hivyo aende Idara ya Miti. Idara ya Miti ikapekua faili la mkuyu, ikaona mkuyu hauna ufa wowote, ikamrudisha Majengo. Wizara ya Kivuli ilimpokea vizuri, ikampa fomu ya maoni. Swali la kwanza lilikuwa: Je, umefurahishwa na kivuli? Majibu ya kuchagua yalikuwa mawili: sana, au mno.

Wakaguzi walikuja hatimaye, sita. Walipanda paani wote kwa pamoja, wakauzunguka mti, wakaupima shina, wakapiga picha nao. Waliposhuka waliingia chumbani kwa mgonjwa dakika moja. Taarifa yao ilisema mti una afya njema, ila dari limeonyesha kutokutoa ushirikiano, na mgonjwa ashauriwe kusogeza kitanda. Ile ni nyumba ya chumba na sebule, na ufa ulikuwa umekatiza vyote viwili.

Siku ile nilimkuta Bi. Sikudhani ameketi kwenye ngazi, fomu mkononi, analia bila sauti. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu, kwa sababu ndoo thelathini na mbili za msiba ule nilizipandisha mimi. Nikamnong'oneza kwamba yako maji ya chumvi, yako mafuta ya taa, na mizizi haisemi nani kaimwagia. Alitikisa kichwa.

"Nikifungwa mimi, Bwana Karani, nani atamgeuza?"

Mtu aliyelala miaka miwili lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo mgongo unaoza. 

*

Lilibaki tumaini moja. Katika nchi yetu mti wa kiongozi huishi kadiri anavyoishi kiongozi, kwa maana ya cheo. Akiondolewa asubuhi, mpaka adhuhuri zahanati yenye jina lake imepata jina jingine. Kwa hiyo Jengo Namba 17 lote likaanza kumwombea Mheshimiwa Kashindye apumzishwe. Waislamu waliomba kwa njia yao, Wakristo kwa yao, na mimi niliyekuwa mzembe wa ibada nilirudi kwenye ibada. Kila siku saa saba mchana tulijazana chumbani kwa Mzee Pembe kusikiliza taarifa ya habari, hadi Bi. Sikudhani akatuomba tupunguze idadi, maana chumba chenyewe kilikuwa mgonjwa.

Alhamisi moja redio ikatangaza. Mheshimiwa Kashindye amepangiwa kazi nyingine, na kazi hiyo itatajwa baadaye. Bi. Sikudhani alimkumbatia mumewe pale pale mbele yetu. Saa tisa haijafika, vijana wa misumeno walikuwa paani. Mkuyu ulikatwa vipande, kibao kikang'olewa, na fundi saa wa Jengo Namba 9, ambaye amri ile haikumhusu, akabaki rumande.

Bi. Sikudhani aliwasihi waondoe na udongo. Kiongozi wao alisoma amri mara mbili, akaona imetaja mti tu. Isitoshe, alisema, shimo litahitajika.

Na lilihitajika. Wiki iliyofuata tulitangaziwa kwamba Waziri mpya, Mheshimiwa Sengondo, atakuja kupanda mkuyu wake. Hakuna waziri anayekubali kuingia akiwa mdogo kuliko aliyetoka, kwa hiyo mkuyu wake ulikuja ukiwa mkubwa mara tatu, umepandishwa kwa winchi, na udongo wa nyongeza juu. Udongo huo tuliubeba sisi tena kwa ndoo. Mzee Pembe aliuliza makadirio ya uzito, akafumba macho akipiga hesabu.

"Dari hili halitaubeba huu hadi masika," alimwambia mkewe.

*

Bi. Sikudhani hana elimu ya itifaki, lakini amelelewa. Kwetu mtu akiambiwa ndani ya nyumba hii kuna mgonjwa, hawezi kupita mlangoni bila kuingia kumjulia hali. Awe mkwe, awe adui, ataingia. Na akiwa na kamera tatu nyuma yake, ataingia mbiombio.

Siku ya kupanda, Waziri alipofika ghorofa ya nne alimkuta mama yule mlangoni, amejitanda kanga mpya, anamkaribisha kwa adabu zote amjulie hali mzee wake. Msaidizi alinong'ona kuhusu ratiba. Waziri aliziangalia kamera, akaingia. Kiti kilikuwa kimeondolewa makusudi, akaketishwa ukingoni mwa kitanda, akapewa chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika sahani ya kaimati. Juu yetu, msafara wa watu arobaini ulikuwa umekwishafika paani pamoja na bendi ya polisi, na bendi ikaanza kupiga.

Vumbi jeupe lilianguka ndani ya kikombe cha Mheshimiwa. Akalitazama. Mzee Pembe akaunyosha mkono wake mzima, akamshika kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanagenzi.

"Tazama juu, Mheshimiwa. Ufa ule sasa unaingia vidole viwili. Hizo nyekundu ndani yake ni nondo, na nondo ikishapata kutu haibebi kitu. Zege hili nililimwaga mimi."

Waziri akatazama. Nitamtendea haki, alitazama vizuri kuliko wakaguzi wote sita.

"Litaanguka?" aliuliza.

"Litaanguka."

"Lini?"

"Bendi ikimaliza wimbo wa kwanza salama, tushukuru. Wa pili sina hakika nao."

Mheshimiwa Sengondo aliondoka na kikombe mkononi. Hakupanda, alishuka, na alishuka kwa miguu yake ghorofa zote nne bila kuhema. Mkuyu aliupanda kwa kipaza sauti akiwa ng'ambo ya barabara. Sisi tulitazamana kwa furaha. Mwezi mzima mama yule alikuwa akibembeleza mkubwa mmoja tu aje alione dari lile, na sasa aliyeliona ni Waziri mwenyewe.

*

Waraka ulifika kabla ya alasiri. Bi. Sikudhani hakuwa na miwani, kwa hiyo niliusoma mimi, nimesimama kando ya kitanda.

"Kwa kuwa imethibitika kwamba dari la ghorofa ya nne ya Jengo Namba 17 laweza kuanguka wakati wowote, na kwa kuwa uhai wa viongozi ni hazina ya taifa, inaamriwa kwamba tangu leo kiongozi yeyote, wa ngazi yoyote, asiingie ndani ya jengo hilo. Mti ubaki."

Niligeuza karatasi nione kama wakazi wametajwa upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Chini tulimsikia mchoraji wa serikali akiandika mlangoni kwa rangi nyekundu: HATARI KWA VIONGOZI.

Bi. Sikudhani aliketi sakafuni. Nilitaka kumwambia neno, lakini maneno yangu yote ni ya kiofisi. Mzee Pembe ndiye aliyesema kwanza, akaniomba nirudie kile kipande cha ngazi yoyote. Nikarudia.

"Mkaguzi wa miti naye ni kiongozi?" aliuliza.

"Ana gari la serikali, mzee. Ni kiongozi."

"Na mwenyekiti wa mtaa?"

"Mwenyewe husema hivyo kila siku."

"Kwa hiyo hakuna atakayepanda huku juu tena kutazama."

Nikausoma waraka mara ya tatu, kwa macho ya ukarani. "Hakuna," nikasema. "Imekatazwa."

Akageuza kichwa kwa mkewe. "Mama Shani, inuka. Waite majirani waje na ndoo."

Kazi ilichukua siku mbili. Kwanza alituagiza mirunda, tukaisimamisha chini ya dari, chumbani na sebuleni, kila mmoja mahali alipoelekeza kwa kidole. Kisha udongo ukashuka, wa katikati kwanza, na aliyethubutu kuurundika ukingoni alisikia ukali wa fundi aliyelala chali. Nilishusha ndoo sabini. Hapakuwa na askari wa kuandika majina, na sikuona asiye na moyo. Mkuyu tuliuteremsha kwa kamba, tukaupanda uani nyuma ya kamba za nguo, kwa kificho, maana mti ulioota ardhini ni kinyume cha Waraka. Paani tuliacha matawi yake machache ndani ya ndoo, nayo tunayabadilisha kila yakinyauka, ili msafara uone majani. Kila mwezi Bi. Sikudhani hujaza fomu ya mlezi kwamba mti unaendelea vizuri. Ni kweli, unaendelea vizuri.

Jengo Namba 23 halikuwa na bahati yetu. Kule hapakuwahi kufika mkubwa akanywa chai chini ya ufa, kwa hiyo hakuna aliyelipiga marufuku. Lilianguka Jumanne asubuhi pamoja na msufi wake, likaua watu watatu wa ghorofa ya juu, mama na wanawe. Serikali ilituma salamu za rambirambi kwa mkuu wa mkoa kwa kupotelewa na mti. Hapa nimetafuta neno la heshima la kuandika na sikulipata.

Tuliporudi kutoka kuzika, rangi nyekundu iliisha madukani. Leo ukipita mjini kwetu utayakuta maandishi yale karibu kwenye kila mlango, mengine yameandikwa kwa hati mbaya, mengine kwa mkaa. Viongozi wanafika, wanasoma, wanarudi. Bungeni Mheshimiwa Sengondo ametangaza mafanikio makubwa, kwamba tangu mpango uanze hakuna kiongozi hata mmoja aliyeumia, na makofi yamepigwa.

Mwezi uliopita alikuja mwandishi wa gazeti, binti mwenye adabu. Alimkuta Bi. Sikudhani akimgeuza mumewe, akamsubiri amalize. Kisha akamuuliza kama haogopi kuishi kwenye jengo lenye tangazo la hatari mlangoni.

"Hatari tuliiteremsha zamani, mwanangu," Bi. Sikudhani alimjibu. "Tangazo ndilo tuliloliacha."